Karakana ya mchoraji

Ukiuliza studio hapa Utemini, watu watafikiria picha za paspoti au muziki. Ukiuliza karakana, watafikiria seremala na magari. Mchoraji tumweke wapi? Mimi namweka karakana, bila kusita. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, kar ikiwa kazi na khana nyumba.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hata nyumba hiyo hakuwa nayo. Alifanyia kazi nje, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Rangi hiyo haitaki haraka. Unapaka ya nyuma kwanza, unaiacha ikauke, ndipo chui unayemchora aje, na madoa yake mwisho, moja baada ya jingine. Ukiwahi, rangi zinaingiliana na chui ameharibika. Kungoja huko nako ni kazi, ingawa mteja anayeomba apunguziwe bei haioni. Na picha hupata maana humohumo, mkono unaporudia doa lilelile.

Tingatinga alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake, kama Omari Amonde na Simon Mpata, walijifunza kifundi: kukaa kando yake, kutazama, kisha kushika brashi.