Extra Golden: Albamu ya kwanza, kwaheri ya mwimbaji

Ok-Oyot System ni albamu ya kwanza ya Extra Golden, bendi iliyowakutanisha wanamuziki wa roki kutoka Marekani na wapigaji benga wa Kenya. Ilitolewa mwaka wa 2006 na Thrill Jockey, kampuni huru ya muziki yenye makao yake mjini Chicago. Ilikuwa ya kwanza kwa bendi hiyo, lakini hapakuwa na limbukeni hata mmoja miongoni mwa walioiandaa.

Ian Eagleson na Alex Minoff walikuwa wamecheza pamoja tangu miaka ya 1990 katika Golden, bendi ya roki iliyofanya kazi nje ya himaya ya makampuni makubwa. Minoff alikuwa pia amepiga gitaa katika bendi ya Weird War. Kwa upande wa Kenya, Otieno Jagwasi alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na kiongozi wa Orchestra Extra Solar Africa, naye Onyango Wuod Omari alikuwa mpiga ngoma aliyekomaa. Jina la bendi mpya lilizaliwa kwa kuunganisha majina ya bendi hizo mbili.

Eagleson alikuwa amekuja Kenya kufanya utafiti wa shahada ya uzamifu kuhusu benga. Badala ya kubaki na daftari lake pembeni mwa jukwaa, alishika gitaa akajiunga na aliokuwa akiwachunguza. Minoff alipozuru Nairobi mwaka wa 2004, wanne hao walirekodi kwa vifaa vya kubebeka, pasipo studio ya kifahari.

Matokeo yake yanahitaji masikio yenye subira. Benga ililelewa na santuri. Enzi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, nyimbo ziliuzwa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na kwa kuwa upande mmoja haukutosha, wimbo ulikatwa sehemu mbili. Aghalabu upande wa kwanza ulikuwa wa maneno, na wa pili wa magitaa yaliyoshika kasi huku wachezaji wakitokwa na jasho. Extra Golden hawakulazimika kukata. Nyimbo zao ni ndefu, na gitaa zito la roki huingia taratibu bila kulifunika lile jembamba la benga, jambo ambalo majaribio mengi ya aina hii hushindwa kulitimiza. Wanaimba kwa Kidholuo na Kiingereza.

Maneno "ok oyot" yana maana ya "si rahisi". Otieno hakuiona albamu hiyo ikitoka. Alifariki mwaka wa 2005. Sauti iliyomtambulisha kwa wasikilizaji wa ng'ambo iliwafikia akiwa kaburini.

Waliobaki walimwalika mwanabenga Opiyo Bilongo. Mwaka wa 2006 walitakiwa kutumbuiza Chicago, lakini viza za Wakenya zilikwama hadi afisi ya Barack Obama, wakati huo seneta wa Illinois, ilipoingilia kati. Walimshukuru kwa wimbo uitwao Obama katika albamu yao ya pili, Hera Ma Nono, ya mwaka wa 2007. Ya tatu, Thank You Very Quickly, ilifuata mwaka wa 2009.