Pipa, Ngozi na Nyuzi Nne: Tarehe ya Ngoma za Kampemba

Wanaosimulia muziki wa Katanga huanza na gita na kuishia na gita. Humtaja Jean-Bosco Mwenda, wakamtaja Édouard Masengo na Losta Abelo, kisha daftari hufungwa. Si haki. Huku kwetu Kampemba, mjini Lubumbashi, toka Bongonga hadi Kigoma, toka kuta za viwanda vya Industriel hadi Hewa Bora, kuna ala nyingine inayowatoa watu majumbani, nayo haikununuliwa dukani. Ni karindula: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi. Kila muziki uliopita katika mji huu umeundwa na kitu ambacho kazi ilikileta au ilikiacha. Kwa kipimo hicho, karindula ina haki ya kutajwa pamoja na gita, wala si chini yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabelgiji wakaanzisha mji wakauita Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Wanaume waliletwa kuchimba na kuyeyusha shaba: Waluba wa Kasai na wa Katanga, Walunda, Wabemba na watu wengine wa Luapula, hata watu wa Rwanda na Burundi. Hawakuwa na lugha moja wala ngoma moja. Lugha waliipata katika Kiswahili. Ngoma waliipata katika mbeni, ile beni ya Lamu na Mombasa, iliyosambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana walivaa kama askari, wakapeana vyeo vya mfalme, gavana na daktari, wakatembea kwa safu nyuma ya ngoma. Serikali iliwatazama kwa wasiwasi, na haikukosea kuona kwamba mle ndani watu walikuwa wakijipanga. Ila chama cha mbeni kilikuwa pia cha kuzikana na kusaidiana, na mtu aliyefia mbali na kijiji chake alipata wa kumlilia.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili hesabu yake. Badala ya kuleta wanaume wa muda na kuwarudisha makwao, ikaanza kuwaruhusu wakae na wake na watoto kambini. Mambo mengi ya muziki wetu yanatoka hapo. Palipo na familia pana harusi, pana ubatizo, pana kilio, na vyote vinataka waimbaji. Kanisa nalo halikukaa kando. Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi aliyelelewa katika muziki wa Wabenediktini, alitunga Missa Katanga, na kwaya ya wavulana iliyoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba ikauzoesha mji sauti nne zinazopangana juu ya midundo ya nyumbani. Huyu Kiwele ndiye aliyetunga wimbo wa taifa la Katanga baada ya kiongozi wake, Moïse Tshombe, kutangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Akawa waziri wa elimu, na mwaka uliofuata akafariki. Hata leo, ukipita Jumapili nje ya parokia yoyote ya Kampemba, utasikia ile hamu ya sauti nne.

Gita lilikuja na mshahara. Mfanyakazi wa kambini, karani na dereva waliweza kulinunua, na likawa chombo cha mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti mbele ya nyumba baada ya zamu. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika nchi ya Wayeke wa Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wa Masanga ulitoka hapo. Sikiliza mkono wa kulia: ni kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishikilia nyuzi nene chini, shahada ikizunguka juu kwa mdundo mwingine kabisa, mpaka mtu asiyejua hudhani wako wawili. Mwaka 1959 alifika Nairobi, akapiga redioni na kuitangaza dawa ya Aspro. Masengo, aliyekulia katika kikundi cha vichekesho na nyimbo cha JECOKE hapa mjini, alifuata njia hiyohiyo ya Kenya. Wapiga gita wa magharibi ya Kenya waliomsikia Bosco walibadili vidole vyao. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaosikiliza gita lile la zamani na kuliita lao hawakosei, lakini wajue shina lake liko hapa, kwenye makambi ya shaba. Mwaka 1969 Bosco alifika hadi Newport, Marekani, kwenye tamasha la nyimbo.

Kisha kazi ikaanza kuondoka. Union Minière ilitaifishwa, ikawa Gécamines. Katanga ikaitwa Shaba. Mishahara ikaliwa na bei. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka kule Kolwezi, na mwaka huohuo Bosco akafa kwa ajali ya barabarani nchini Zambia. Baadaye, miaka ya 1992 na 1993, Wakasai wengi walifukuzwa, wakangoja treni kwa majuma katika vituo vya reli, na pamoja nao waliondoka watu waliokuwa wakisema kasala, sifa za ukoo, kwenye vilio vya majirani zao. Hasara hiyo haijahesabiwa, na mimi naihesabu miongoni mwa hasara kubwa za mji huu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa waondoke, katika mpango ulioitwa wa hiari.

Karindula haikuzaliwa siku hizo. Ni ya zamani zaidi, na ina ndugu ng'ambo ya Luapula, ambako Wazambia waliiingizia umeme na kuifanya muziki wa redio. Lakini katika miaka ya kukosa kazi ndipo thamani yake ilipoonekana wazi. Gita linataka pesa. Karindula inataka pipa tupu, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti na nyuzi nne, na juu yake mfuko mtupu wa maziwa ya unga unaoifanya sauti ikwaruze. Ule mkwaruzo ndio utamu. Pipa hulazwa likiegemezwa, mpigaji akakaa nalo kama mtu anayemzuia ng'ombe, na besi yake huipata ardhi kabla ya sikio. Pembeni huwa na karindula ndogo zaidi zinazojibu. Wimbo mmoja waweza kwenda nusu saa: mwimbaji husifu, husuta, hucheka wenye madeni, huwataja waliokufa, na wachezaji huingia kati kwa vituko ambavyo mama mkwe hatakiwi kuvitazama. Huo ni utani uleule wa makabila ya migodini, ambao mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliuandika mwaka 1956 alipoichunguza ngoma ya kalela kule upande wa Zambia. Watu waliokutanishwa na kazi walihitaji njia ya kutukanana bila kupigana.

Mwaka 2011 mtayarishaji wa muziki Vincent Kenis alitoa sahani na filamu ya karindula iliyorekodiwa hapa Lubumbashi, yenye vikundi kama BBK, Bana Simba na Bana Lupemba. Ulaya walishangaa. Hapa makanisa mengi ya uamsho yanaendelea kuuita muziki huu wa dunia, na waumini hukatazwa, ingawa usiku wa kilio hukaa karibu wasikie. Vijana wanaoimba kwa kompyuta wamepiga hatua yao pia: Tia ya RJ Kanierra, mwana wa Lubumbashi, ilikisafirisha Kiswahili chetu hadi Kinshasa, mji uliozoea kutuimbia kwa Kilingala. Nilifurahi. Lakini kijana huyo ana studio na simu za mashabiki. Mzee wa karindula ana kilio.

Na kwenye kilio hesabu hupangwa hivi: turubai, viti, chakula, kinywaji cha munkoyo na bia, jenereta, kwaya. Karindula huzungumzwa mwisho, na malipo yake mara nyingi ni nusu ahadi, nusu noti zinazobandikwa usoni mwa mwimbaji anapotaja jina la mwenye kuzitoa. Wapigaji wake ndio wanaokesha na wafiwa mpaka alfajiri, wakati kwaya imeshaenda kulala. Walipwe kabla ya jenereta kuwashwa.