Ziwa Edouard: nani alimaliza samaki?

Huko Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, samaki wakikosekana, wa kwanza kulaumiwa ni wale waliofika mwisho: wakimbizi wa vita. Lakini historia ya ziwa inaonyesha kwamba shida haikuanza nao.

Watu wamevua hapa tangu zamani sana. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale Ishango, ambapo mto Semliki unatoka ziwani. Alikuta vyusa vya mifupa vya wavuvi walioishi hapo karibu miaka 20,000 iliyopita.

Mwaka 1925, wakoloni Wabelgiji walianzisha mbuga ya Albert, ambayo leo inaitwa Virunga. Ilipopanuliwa, ziwa la upande wa Congo likaingia ndani ya mbuga. Wakaaji wa ukingoni walihamishwa, kwa sababu ya mbuga na ya ugonjwa wa malale. Kumbe hata wakati ule kulikuwa na waliopoteza makao.

Baadaye uvuvi uliruhusiwa katika vile vijiji vitatu tu, chini ya ushirika ambao ulikuja kuitwa COPEVI. Mitumbwi ilihesabiwa. Nyavu za matundu madogo zilikatazwa, na mahali samaki wanapotagia mayai palifungwa.

Viboko nao walilisha ziwa. Usiku wanakula majani nchi kavu, mchana wanaacha mavi majini, na mavi yale yanaotesha vijimea ambavyo tilapia anakula. Katika miaka ya 1970 mbuga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Wengi waliuawa na watu wenye bunduki, kwa ajili ya nyama na meno.

Tangu miaka ya 1990, vita vimefukuza wakulima mashambani. Ziwani mtu hahitaji shamba: akipata wavu na nafasi katika mtumbwi, watoto watakula jioni. Watu wakajaa. Vikundi vyenye silaha vikatoza kodi na kuachia mitumbwi isiyo na ruhusa. Mvuvi aliyefuata sheria akaona jirani akijaza kapu kwa wavu wa matundu madogo, naye akafuata. Wengine walivuka mpaka wa majini kutafuta samaki na kukamatwa Uganda. Julai 2018, askari wa majini wa nchi hizi mbili walirushiana risasi humo ziwani.

Ndiyo maana kumfukuza mkimbizi hakutarudisha samaki. Njaa ilimleta ziwani, lakini aliyeuza ruhusa ya uongo ndiye aliyevunja hesabu ya mitumbwi. Mkimbizi na mwenyeji wana faida moja: mazalio yaachwe yatulie, na nyavu ndogo zitolewe majini, za mgeni na za mwenyeji pia. Tilapia mchanga akivuliwa leo kabla hajataga, hata amani ikirudi, wavuvi watakuta maji matupu.