Mraba wa kilomita tano: wanyama wa Kitui na Makueni walivyoingia kwenye kompyuta

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, ingawa mwishoni tutarudi huko huko. Nataka tuzungumzie data iliyo na umri mkubwa kuliko wengi wetu: hesabu za wanyamapori wa Ukambani zilizoanza kupigwa kutoka angani miaka ya 1970.

Katikati ya miaka hiyo serikali ya Kenya, kwa msaada wa Kanada, iliunda kitengo cha kuchunguza nyanda za malisho kilichojulikana kwa kifupi kama KREMU. Baadaye kikageuka kuwa idara inayoitwa DRSRS. Swali lake lilikuwa moja tu: katika sehemu kame za nchi kuna wanyama wangapi, wa porini na wa kufugwa, na wako wapi?

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Ndege ndogo huruka chini chini, kama mita 120 juu ya ardhi, kwa mistari iliyonyooka, na kati ya mstari na mstari kuna kilomita 5. Nyuma ya rubani wanakaa wahesabuji, mmoja akitazama kushoto na mwingine kulia. Kwenye nguzo ya kila bawa zimefungwa fimbo mbili, na mhesabuji anahesabu wanyama walio katikati ya fimbo zake tu, wengine hawamhusu. Kundi likizidi wanyama kumi hivi hupigwa picha, likahesabiwa kwa utulivu ofisini. Tuseme fimbo zinakata ukanda wa mita 120 kila upande: hizo ni mita 240 kati ya 5,000, chini kidogo ya asilimia 5. Kwa hiyo kila mnyama aliyeonekana anasimama kwa niaba ya wenzake wapatao ishirini.

Hapo ndipo mimi hukuna kichwa. Mkose mmoja, umekosa ishirini. Kwenye uwanda wazi si taabu sana, lakini Kitui ya kusini ni vichaka na miiba mitupu. Tembo utamwona. Tandala mdogo akisimama kivulini chini ya mgunga, ndege inapita na jedwali linaandika sifuri. Kwa hiyo ukikuta sifuri kwenye data ya aina hii usikimbilie kusema mnyama hayupo.

Lakini kuna jambo ambalo waliofanya kazi hiyo walilipatia kabisa, nami huwavulia kofia. Hawakuandika tu "Wilaya ya Machakos, twiga kadhaa". Kila hesabu ilifungwa kwenye mraba wa kilomita 5 kwa 5 wenye namba yake kwenye gridi ya ramani. Sasa angalia yaliyofuata. Mwaka 1992 Makueni ilimegwa kutoka Machakos ikawa wilaya yake. Mwingi nayo ikatoka Kitui miaka ya 1990, kisha mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi, ikarudi ndani ya Kitui. Kama safu ya mahali ingekuwa na jina la wilaya peke yake, leo usingeweza kulinganisha chochote. Mraba haujui siasa. Ulipokuwa mwaka 1977 ndipo ulipo leo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 watafiti waliweza kuzichukua hesabu za kaunti 21 za nyanda kame, Kitui na Makueni zikiwemo, wakachapisha matokeo katika jarida la PLOS ONE: kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76. Tandala mdogo yumo kwenye orodha ya walioporomoka vibaya zaidi, pamoja na ngiri, pofu na choroa.

Habari za tembo ni tofauti kidogo, na hesabu yake pia ni tofauti. Katika eneo la Tsavo, ambalo kwa hesabu hii linajumuisha Hifadhi ya Kitui Kusini na vilima vya Chyulu, hawachukui sampuli. Ndege nyingi hugawana vipande vya ardhi na kujaribu kumhesabu kila tembo. Mwaka 1988, baada ya ujangili mkali, walipatikana kama 5,400. Mwaka 2021 walikuwa 14,964. Katikati hapo GPS iliingia ndani ya ndege, na kila kundi likaanza kupata longitudo na latitudo yake. Mwanzoni chombo hicho chenyewe kilikuwa kikidanganywa: mpaka Mei 2000 Marekani ilivuruga ishara kwa makusudi, ukaweza kukosea hata mita 100.

Mwaka 2016, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipokuwa ikijengwa kupitia Tsavo na Makueni, tembo kumi walivishwa kola za GPS na KWS na Save the Elephants. Shabaha ilikuwa kujua wanavuka tuta la reli wapi, ama hawavuki kabisa. Kola zilionyesha kwamba baadhi yao walijifunza kupita chini ya madaraja.

Sasa nirudi kwenye programu kama nilivyoahidi. Mara ya kwanza nilipoweka nukta za GPS juu ya ramani ya zamani niliyoiskani, kila kitu kilisogea karibu mita 300. Nilitafuta kosa kwenye msimbo wangu usiku mzima. Kosa halikuwa huko. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Mita 300 ofisini si kitu. Kwenye mpaka wa Tsavo zinatosha kumtoa tembo kwenye shamba la mahindi la mtu na kumweka ndani ya mbuga, halafu mwenye shamba anaambiwa kwamba ramani haionyeshi tembo aliyefika kwake.

Kama nyumbani una karatasi ya zamani ya ramani ya Kibwezi au Mutomo, soma maandishi madogo ya pembeni kabla hujaiingiza kwenye kompyuta.