Ua la Usambara hatarini porini

UA dogo la zambarau linalopamba madirisha mengi ya Ulaya na Marekani asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, ambako aina zake kadhaa zimo hatarini kutoweka.

Ua hilo, Saintpaulia, lilipewa jina la Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, ingawa wapenzi wa maua bado hutumia jina la zamani.

Porini, mmea huu huota juu ya miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa. Mizizi yake ni mifupi, hivyo uhai wake hutegemea kivuli. Miti ikikatwa jua hufika mwambani, na mmea hunyauka hata kama hakuna aliyeugusa.

Yale ya madukani huzalishwa bustanini, mengi yakitokana na aina chache zilizochukuliwa zamani. Hayawezi kuziba pengo la aina nyingine. Saintpaulia teitensis, kwa mfano, huota kiasili katika msitu wa Mbololo pekee, Taita, nchini Kenya.