Mjukuu wa Kiwanuka na kwotabeki

Wadau, hapa bwenini kila mtu ni Arsenal au Man U, ila mimi mtoto wa Biharamulo leo naleta mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na yai mkononi. Msicheke, una historia inayogusa mkoa wetu.

Washambuliaji wako 11. Bosi wao ni kwotabeki: atupe, amkabidhi mkimbiaji au atimue mbio mwenyewe. Mbele yake kuna mabonge watano wa kumkinga, na wa katikati ndiye humpa mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Pembeni wapo wadakaji. Hawa walipata ulaji 1906, kabla ya hapo kutupa mpira mbele kulikuwa marufuku.

Sasa Mathias Kiwanuka. Babu yake, Benedicto, jaji mkuu wa Uganda, aliuawa 1972 chini ya utawala wa Amin, yule yule aliyetuvamia Kagera 1978. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, akawa mlinzi wa New York Giants, kazi yake kumwangusha kwotabeki. Novemba 2006 Giants waliongoza 21-0 dhidi ya Tennessee. Dakika za mwisho akamkumbatia Vince Young barabara, akadhani mpira umeshatupwa, akamwachia asije akaadhibiwa. Kumbe anao! Young akachomoka yadi 19, Giants wakalala 24-21.

Alisemwa sana jamani. Mimi namtetea, maana kwotabeki analindwa na sheria kama yai kweli. Februari 2012 Giants walichukua ubingwa, na Kiwanuka alikuwemo uwanjani.