Baiti 64: Historia ya kompyuta moja yenye mifumo miwili

Kompyuta inapowashwa, kabla skrini haijaonyesha chochote cha maana, kuna jambo linaamuliwa: ni mfumo endeshi upi utakaoishika mashine hiyo. Wengi wetu hatulioni likiamuliwa. Kompyuta tuliinunua ikiwa na Windows, na Windows ndiyo tunayoikuta kila tunapoiwasha. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 wamekuwepo watu waliotaka kuamua wenyewe. Waliweka mifumo miwili, mitatu au zaidi katika kompyuta moja ya nyumbani, na kila walipoiwasha wakachagua. Ukiifuatilia historia yao, utaona kwamba sekunde hizo chache za mwanzo zimegombewa na kampuni kubwa, na ugomvi wenyewe ni juu ya nani hasa mwenye mashine.

IBM yaacha nafasi

Agosti 12, 1981, IBM ilizindua kompyuta yake binafsi jijini New York. Wateja walitangaziwa mifumo mitatu: PC DOS iliyotoka Microsoft, CP/M-86 ya Digital Research, kampuni ya Gary Kildall wa California, na p-System iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, San Diego. PC DOS iliuzwa dola 40. CP/M-86 ilipofika sokoni iliuzwa dola 240, na tofauti hiyo ya bei ikawavuta wanunuzi wengi upande wa DOS. Mashine hiyo haikuwa na diski ngumu. Aliyetaka kubadili mfumo alichomoa flopi moja, akachomeka nyingine, akaiwasha upya.

Mwaka 1983 ilikuja PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, pamoja na PC DOS 2.0. Hapo likazuka swali jipya: diski ni moja, je, mifumo tofauti itakaa humo pamoja bila kuharibiana? Jibu liliandikwa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512. Baiti 446 zilitengewa programu fupi ya kuanzishia, baiti 2 za mwisho zikawa alama ya kuthibitisha, na kati yake zikawekwa baiti 64 za jedwali la mgawanyo. Jedwali hilo lina mistari minne ya baiti 16 kila mmoja. Kila mstari unaeleza sehemu moja ya diski inaanzia wapi, ina ukubwa gani, ni ya mfumo wa aina gani, na kama ndiyo iliyotiwa alama ya kuwashwa. Diski ikawa kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne, kila mpangaji na mlango wake.

Kama nia ingekuwa kuitumikia DOS peke yake, jedwali hilo lisingekuwa na kazi. Liliwekwa makusudi ili mwenye kompyuta aweze kuchanganya mifumo, na ndilo lililotumika kwenye kompyuta za nyumbani kwa karibu miaka 30 iliyofuata.

Mwanafunzi wa Helsinki

Januari 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386. Ilikuja na DOS. Yeye aliitaka Minix, mfumo mdogo ulioandikwa na profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia, akauweka kwenye sehemu yake ya diski. Humo ndani ya Minix akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe, na Agosti 25, 1991 akautangaza kwa watumiaji wenzake wa Minix.

Kwa miezi kadhaa Linux haikuweza kuishi bila jirani yake, kwa sababu iliandikwa na kuandaliwa ndani ya Minix. Kisha siku moja Torvalds alikusudia kuiamuru modemu ipige simu chuoni, amri ikaenda kwenye diski ngumu badala ya modemu, na sehemu ya Minix ikaharibika. Angeweza kuirudisha Minix. Akaamua kutoirudisha, akaikamilisha Linux hadi ikajitegemea. Mfumo ambao leo unaendesha seva nyingi za intaneti, na ambao kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, ulilelewa kwenye kompyuta ya nyumbani iliyogawanywa kati ya mifumo.

Walioifuata Linux walikuwa na tatizo moja: DOS na Windows wakizihitaji kwa kazi na michezo, lakini Linux wakiipenda. Mwaka 1992 Werner Almesberger aliandika LILO, programu iliyokaa mwanzoni mwa diski na kumuuliza mtumiaji anataka mfumo gani. LILO ilikuwa na ugumu wake. Ilikariri mahali kiini cha Linux kilipolala kwenye diski, hivyo ukibadilisha kiini ukasahau kuiendesha tena, kompyuta ingeweza kukwama ulipoiwasha tena. Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza kuandika GRUB, ambayo inaweza kusoma mafaili yenyewe kwenye diski na kukitafuta kiini kilipo. GRUB ndiyo menyu wanayoikuta watumiaji wengi wa Linux hadi leo.

Microsoft nayo iliijua njia hii. Windows NT ya mwaka 1993 ilikuja na menyu iliyomwezesha mtumiaji kuchagua kati yake na DOS. Lakini matoleo ya Windows ya nyumbani yalipowekwa, yaliandika upya ile sekta ya kwanza bila kuuliza, na Linux ikawa haifikiki ingawa mafaili yake yote yamo. Ndipo mafundi wakaweka kanuni inayofuatwa mpaka sasa: tanguliza Windows, Linux ifuate.

Menyu iliyofichwa

Kisa kinachouma kuliko vyote ni cha BeOS. Jean-Louis Gassée, Mfaransa aliyekuwa kiongozi Apple, alianzisha kampuni ya Be mwaka 1990. Mfumo wake ulikuwa mwepesi na hodari kwa video na sauti, na mwaka 1998 ukaanza kuendeshwa kwenye kompyuta zenye prosesa za Intel. Gassée hakutaka kuing'oa Windows. Aliomba BeOS ikae kando yake, mteja achague.

Hitachi ilikubali, ikauza nchini Japani kompyuta zenye mifumo yote miwili. Lakini menyu ya kuchagulia ilifichwa. Mnunuzi aliyeiwasha aliiona Windows tu, na ili kuifikia BeOS ilimlazimu kufuata hatua za kiufundi ambazo mtu wa kawaida asingezikisia. Be ilidai kwamba chanzo ni mikataba ya Microsoft na watengenezaji kompyuta, iliyowakataza kuonyesha mfumo mwingine wakati wa kuwasha. Mwaka 2001 mali za Be ziliuzwa kwa Palm kwa dola milioni 11. Mwaka 2002 Be ilifungua kesi, na Septemba 2003 Microsoft ikalipa dola milioni 23.25 kuimaliza, bila kukiri kosa. Fedha hizo zilikuja wakati mfumo umeshakufa. Wateja hawakuukataa, wengi wao hawakupata hata nafasi ya kuuona.

Njia zafunguka

Miaka iliyofuata mambo yalilegea. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa bure kwa posta popote duniani, jambo lililowafaa sana watu wa nchi ambazo intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Programu yake ya kuweka mfumo ilijua kupunguza sehemu ya Windows na kujitengenezea nafasi.

Apple ilipohamia Intel mwaka 2006, mashabiki walichanga zawadi ya zaidi ya dola 13,000 kwa atakayeweza kuendesha Windows XP kwenye Mac, na Machi mwaka huo ikapata wenyewe. Aprili 5 Apple yenyewe ikatoa Boot Camp kwa kazi hiyohiyo. Wakati huo kulikuwa na njia nyingine pia: tangu 1999 VMware iliwezesha mfumo mmoja kuendeshwa ndani ya dirisha la mwingine bila kuwasha upya. Mwaka 2016 Microsoft yenyewe ilianza kuruhusu programu za Linux kuendeshwa ndani ya Windows 10.

Kufuli jipya

Oktoba 2012 Windows 8 ilikuja na Secure Boot, ulinzi unaoikataa programu yoyote ya kuanzishia isiyo na sahihi inayotambulika. Nia ni njema, kwa maana virusi vinavyojificha mwanzoni mwa diski ni hatari. Lakini ufunguo unaotambulika na karibu kila kompyuta ni wa Microsoft. Mtaalamu wa Linux, Matthew Garrett, alilazimika kutengeneza programu ndogo iitwayo shim, ikatiwa sahihi na Microsoft, ndipo Linux ikaruhusiwa kuwaka. Mwanzoni Microsoft iliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida wamwachie mtumiaji uwezo wa kuizima Secure Boot. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, jambo hilo limeachwa mikononi mwa mtengenezaji. Agosti 2024, sasisho moja la Windows liliwazuia watu wengi wenye mifumo miwili kuiwasha Linux yao.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kunakili mafaili yake mahali salama, kuiweka Linux kando ya Windows, kuijaribu taratibu, na kuipa mashine miaka mingine ya kazi. Anaweza hivyo kwa sababu tu wapo watu waliolinda nafasi iliyoachwa mwaka 1983. Kwa hiyo anayekwenda dukani, pamoja na kuuliza bei na ukubwa wa diski, aulize pia kama Secure Boot ya mashine hiyo inazimika. Wanunuzi wasipouliza, mtengenezaji hatakuwa na sababu ya kuendelea kuwaachia uchaguzi huo.